Ardhi Huru na Hati za Miaka 90

Watu wengi wakitajiwa kuondoshwa kwa utumwa katika Marekani hukumbuka jina la Abraham Lincoln na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1861. Hayo ni kweli, walakini si mwanzo wa khabari. Miaka 74 kabla ya vita hivyo nchi hiyo ilikuwa imekwisha kutunga sheria ya kuukataza utumwa katika sehemu moja kubwa ya ardhi yake, nchi mpya ambayo walowezi walikuwa ndiyo kwanza waanze kuingia. Sheria hiyo ilikuwa fupi, na maneno yake yalikuwa wazi. Hata hivyo, kwa muda wa miaka zaidi ya 50 baadaye walikuwako katika nchi hiyo hiyo watu waliouzwa, waliorithishwa pamoja na ng'ombe na vyombo vya nyumbani, na waliofungwa kwa hati za kutumika miaka 90. Nimeona yafaa kuwaeleza wasomaji jinsi jambo hilo lilivyowezekana na jinsi lilivyokomeshwa, kwani ndani yake mna mas-ala ya mkataba na ridhaa ambayo kila aliyesoma fiqhi, japo kidogo, atayatambua.

Uingereza ilipokubali uhuru wa Marekani mwaka 1783, dola hiyo mpya ilipata pia madai juu ya nchi pana iliyo nyuma ya milima ya Appalachia. Nasema madai, kwa sababu nchi hiyo ilikuwa na wenyewe: Washawnee, Wamiami, Wadelaware na makabila mengine, ambao hawakuulizwa. Walipigana kuilinda mpaka waliposhindwa mwaka 1794, na mwaka uliofuata wakatiwa saini mkataba wa Greenville uliowatoa katika sehemu kubwa ya nchi iliyokuja kuitwa Ohio. Msomaji na alikumbuke hilo kila atakaposoma humu maneno "ardhi huru."

Swali lililowakabili wakubwa wa Marekani lilikuwa hili: je, walowezi watakaokwenda huko wataruhusiwa kwenda na watumwa wao? Mwaka 1784 Thomas Jefferson wa Virginia, ambaye yeye mwenyewe alimiliki watumwa wengi, alipendekeza katika Kongresi kwamba utumwa ukatazwe katika nchi zote za magharibi, za kaskazini na za kusini, kuanzia baada ya mwaka 1800. Kila jimbo lilikuwa na kura moja, na zilihitajiwa kura 7. Zikapatikana 6. Kura ya New Jersey haikuhesabiwa kwa kuwa mjumbe wake mmoja alikuwa mgonjwa siku hiyo, hakuweza kufika barazani. Kwa ugonjwa wa mtu mmoja pendekezo likaanguka, na nchi za Alabama na Mississippi, ambazo wakati huo zilikuwa hazijajaa walowezi wala pamba, zikaachwa wazi.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 13 Julai 1787, Kongresi ikapitisha sheria ya kutawala nchi iliyo kaskazini ya mto Ohio, baina ya mto huo, mto Mississippi na yale maziwa makubwa ya mpakani na Kanada. Nchi ya namna hii waliiita eneo: ilitawaliwa na gavana aliyewekwa na serikali kuu, na sehemu yake ikifikia watu huru 60,000 iliweza kuomba kuwa jimbo kamili. Kifungu cha 6 cha sheria hiyo, kilichoandikwa na Nathan Dane wa Massachusetts, kilisema kwamba hapatakuwa na utumwa wala utumishi usio wa hiari katika eneo hilo, isipokuwa kwa adhabu ya mtu aliyehukumiwa kwa kosa. Kutoka katika eneo hilo yalizaliwa majimbo ya Ohio (1803), Indiana (1816), Illinois (1818), Michigan (1837) na Wisconsin (1848).

Mtu atauliza: mbona wajumbe wa Kusini, wenye watumwa, waliikubali? Sababu zilikuwa nyingi, na si zote za huruma. Kifungu hicho hicho kilikuwa na mkia: mtumwa akitoroka kutoka jimbo la utumwa na kukimbilia katika eneo hilo, bwana wake alikuwa na haki ya kumfuata na kumrudisha. William Grayson, mjumbe wa Virginia, alimwandikia mwenzake mwaka huo huo kwamba wajumbe wa Kusini walikubali ili tumbaku na nili zisilimwe upande wa pili wa mto. Yaani walichelea ushindani wa soko. Tena nchi za kusini ya mto hazikuguswa. Kentucky ikawa jimbo la utumwa mwaka 1792, na Tennessee mwaka 1796. Kongresi ilipounda eneo la Mississippi mwaka 1798 ilichukua sheria ile ile ya 1787, ikaondoa kifungu cha 6.

Katika nchi hiyo ya Mississippi, karibu na mji wa Natchez, alikuwako Mwislamu mmoja ambaye jina lake linastahili kujulikana katika nyumba zetu: Abdul Rahman, mwana wa mtawala wa Futa Jallon katika Afrika ya Magharibi, mtu aliyesoma Kurani na kuandika Kiarabu. Alitekwa vitani, akauzwa Natchez mwaka 1788, akatumika katika shamba la pamba la Thomas Foster kwa miaka 40. Mwaka 1828 aliachwa huru, na akazunguka katika miji ya majimbo ya Kaskazini akichangisha fedha za kuwakomboa watoto wake. Mwenyewe alitembea katika ardhi huru, ilhali wanawe walikuwa mali ya mtu upande wa pili wa mstari, na hapakuwa na hakimu wa Kaskazini aliyeweza kuwasaidia ila kwa dola za kuwanunulia. Alifika Liberia mwaka 1829 akafa mwaka huo huo, kabla ya kumwona hata mmoja wao. Baadhi yao walikuja kukombolewa baada yake kwa fedha alizokusanya.

Hata hayo majimbo ya zamani ya Kaskazini yaliyojiita huru, hayakuuacha utumwa kwa siku moja. Vermont iliukataza kwa watu wazima katika katiba yake ya 1777. Katika Massachusetts mwanamke aliyekuwa mtumwa, Elizabeth Freeman, alikwenda mahakamani mwaka 1781 akidai kwamba katiba mpya imesema watu wote wamezaliwa huru, akashinda. Pennsylvania ilitoa sheria mwaka 1780, lakini ilimfungua mtoto atakayezaliwa baada ya hapo tu, tena atumike kwanza mpaka afike miaka 28. New York ilikawia hadi tarehe 4 Julai 1827. Na New Jersey, iliyoanza mwaka 1804, ilikuwa bado na watu 18 walioandikwa kuwa watumwa katika hesabu ya watu ya mwaka 1860.

Sasa turudi kaskazini ya mto Ohio, kwani huko ndiko hila zilikofanyika.

Gavana wa kwanza wa eneo lile, Arthur St. Clair, alikifasiri kifungu cha 6 kwamba kinakataza watumwa wapya kuingizwa, wala hakiwafungui waliokuwamo. Waliokuwamo walikuwa wengi wao watumwa wa walowezi wa Kifaransa katika miji ya Vincennes na Kaskaskia. Fasiri hiyo haimo katika maneno ya sheria, lakini alikuwa gavana, na neno lake lilishika. Upande wa mashariki, Ohio ilipoandika katiba yake mwaka 1802 iliukataza utumwa, na hata mikataba ya utumishi ikawekewa masharti. Upande wa magharibi, eneo la Indiana lilipata gavana mwingine, William Henry Harrison, mtoto wa matajiri wa Virginia. Chini yake wakubwa wa Vincennes walikutana mwaka 1802 wakaiomba Kongresi isimamishe kifungu cha 6 kwa miaka 10. Kongresi ikakataa.

Waliponyimwa mlango wakatafuta dirisha. Sheria ilikataza "utumishi usio wa hiari." Basi wao wakasema: tutafanya utumishi wa hiari, na hiari tutaiandika. Mwaka 1805 baraza la eneo la Indiana likatunga sheria kwamba bwana akiingia na mtumwa wa umri wa kupita miaka 15, atamfikisha mbele ya karani wa mahakama katika muda wa siku 30, na hapo wawili hao "wakubaliane" mtumwa atatumika miaka mingapi. Hapakuwekwa kikomo. Kijana wa miaka 18 aliandikiwa miaka 90, na wako walioandikiwa 99. Akikataa kutia alama yake, bwana alipewa siku 60 za kumrudisha katika nchi ya utumwa na kumwuza huko. Walio chini ya miaka 15 hawakuulizwa kabisa: wanaume walitumika mpaka miaka 35 na wanawake mpaka 32. Na hati hizo ziliuzwa kama wanavyouzwa watu.

Tafadhali msomaji, simama hapa kidogo. Katika darasa la fiqhi, tunapowasomesha watoto mlango wa biashara kwa madhehebu ya Imamu Shafi'i, jambo la mapema wanalolihifadhi ni kwamba muuzaji na mnunuzi sharti wawe na khiyari. Aliyelazimishwa pasipo haki, kuuza kwake si kuuza, hata kama ametamka kwa ulimi na kuandika kwa mkono. Msingi wake uko katika Suratun Nisaa, aya ya 29, inayotaka biashara iwe ya kuridhiana. Sasa mtu anayesimama mbele ya karani, nyuma yake bwana wake, na akikataa atauzwa mahali ambako hatawaona tena wanawe, ana ridhaa gani? Kuna hati nyingine ya mtumwa na bwana wake ambayo tunaijua. Katika Suratun Nuur, aya ya 33, Mwenyezi Mungu amewaamrisha wenye watumwa wawaandikie wanaotaka kuandikiwa uhuru wao kwa malipo, ikiwa wanaona kheri kwao, na tena wawape sehemu ya mali aliyowapa Yeye. Hati hiyo huanza kwa ombi la mtumwa na mwisho wake ni kutoka. Hati ya Vincennes ilianza kwa ombi la bwana na mwisho wake, kwa aliyeandikiwa miaka 90, ni kaburi.

Wala sisemi haya kwa kujisifu. Waislamu wa mwambao wetu nao walinunua na kuuza watu, na wapo walioteka watu huru wakawauza, ilhali katika Bukhari imo hadithi kwamba amuuzaye mtu huru akala thamani yake, Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa khasimu wake Siku ya Kiyama.

Sheria ya hati ilifutwa katika Indiana mwaka 1810, na katiba ya 1816 ikaukataza utumwa. Lakini waliokwisha kuandikwa waliendelea kushikwa. Hesabu ya watu ya 1820 ilikuta watumwa 190 katika jimbo hilo "huru." Kufunguliwa kwao hakukuja kwa tangazo la gavana. Kulikuja kwa wanawake wawili wa Vincennes.

Wa kwanza alikuwa Polly Strong. Mama yake alikuwa mtumwa katika nchi hiyo kabla ya mwaka 1787, na bwana wake, Hyacinthe Lasselle, mwenye nyumba ya wageni, alishika hoja kwamba mali ya walowezi wa Kifaransa ilihifadhiwa kwa ahadi za zamani. Mahakama ya wilaya ikamkubalia bwana. Wakili wa Polly, Amory Kinney, akakata rufani, na mwezi wa Julai 1820 Mahakama Kuu ya Indiana ikatoa hukumu kwamba katiba ya jimbo haikuacha nafasi ya mtu kumiliki mtu, awe aliingia kabla ya sheria au baada yake. Polly akawa huru.

Wa pili ni Mary Clark, na kesi yake ndiyo niliyoikusudia zaidi. Yeye alikuwa na hati. Aliletwa kutoka Kentucky akiwa mtumwa, akaandikishwa hati ya utumishi, na mwaka 1816 mtu mashuhuri wa Vincennes, G. W. Johnston, akalipa dola 350 ili Mary amtumikie miaka 20. Mwaka 1821 akasaidiwa na Kinney yule yule kuomba kufunguliwa. Mahakama ya kwanza ikasema: ulitia alama kwa hiari yako, rudi kazini, na ulipe gharama za kesi. Mary akakata rufani. Hukumu ya Mahakama Kuu, iliyoandikwa na Jaji Jesse Holman, haikujishughulisha sana na swali la namna alivyotia alama. Ilisema kwa maana hii: mwanamke huyu amekuja mahakamani kuomba aachwe aende zake, kuja kwake ni ushahidi wa kutosha kwamba utumishi wake sasa si wa hiari, na mahakama haiwezi kumshika mtu mzima kwa nguvu amtumikie mwingine kwa kuwa tu aliwahi kuahidi. Akafunguliwa. Kwa hukumu hiyo hati zote za namna ile katika Indiana zilitikisika, maana kila aliyeshikwa nayo angeweza kusema, sasa sitaki. Leo uko ubao wa kumbukumbu yake katika uwanja wa mahakama ya Vincennes.

Lakini ni wangapi walioweza kufika mahakamani? Asiyejua kusoma, asiye na senti, asiyemjua wakili, alibaki jikoni kwa bwana. Jambo hili hata Unguja lilionekana, pale amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya mwaka 1897 ilipoacha kuitambua haki ya kumiliki mtumwa, lakini ikamtaka mtumwa mwenyewe aende mahakamani kuomba uhuru wake.

Katika Illinois mambo yalikuwa mazito zaidi. Ilirithi sheria ya hati kutoka Indiana, na katiba yake ya 1818 iliandikwa kwa ujanja: ilisema utumwa "hautaingizwa tangu sasa," ikaacha hati za zamani zisimame, ikaruhusu watumwa wa kukodi katika viwanda vya chumvi karibu na Shawneetown mpaka mwaka 1825. Hesabu ya 1820 ilikuta watumwa 917. Wenye kupenda utumwa wakaona huo ni mwanzo mzuri. Wakataka mkutano wa kuandika katiba mpya, na kila mtu alijua katiba hiyo ingesema nini.

Aliyewakabili alikuwa gavana Edward Coles. Alizaliwa Virginia, akarithi watumwa kwa baba yake, na moyo wake ukakataa. Mwaka 1819 aliwachukua katika mashua kuteremka mto Ohio, na walipokuwa katikati ya maji akawaambia kwamba tangu saa hiyo wako huru, wende naye au washuke watakapo. Walipofika Illinois akampa kila mkuu wa jamaa ekari 160. Alichaguliwa gavana mwaka 1822. Wabunge walipopitisha azimio la kuitisha mkutano, ilibaki wananchi waulizwe kwa kura, na kwa muda wa miezi 18 nchi nzima ilikuwa katika ubishi, magazeti na mahubiri. Coles alitoa mshahara wake wote katika kazi hiyo. Tarehe 2 Agosti 1824 wapiga kura 4,972 walitaka mkutano, na 6,640 waliukataa. Maadui zake wakamshitaki kwa kuwafungua watumwa wake bila ya kuweka dhamana iliyotakiwa na sheria, akahukumiwa kulipa dola 2,000. Hukumu hiyo ilikuja kutenguliwa baadaye.

Nisingependa msomaji adhani kwamba wale 6,640 wote walimpenda mtu mweusi. Wengi walikuwa wakulima maskini waliokimbia mashamba makubwa ya Kusini, wakachelea kwamba tajiri mwenye watumwa 50 atawameza tena huku. Wengine hawakutaka kumwona mweusi kabisa, mtumwa wala huru. Ohio ilimtaka mtu mweusi anayehamia aoneshe hati ya uhuru, na tangu 1807 awe na wadhamini wa dola 500. Illinois, ambayo mahakama yake iliwafungua wazao wa watumwa wa Kifaransa mwaka 1845 na katiba yake ikaufuta utumwa kabisa mwaka 1848, ilitoa sheria mwaka 1853 ya kuwazuia watu weusi wasihamie humo.

Mapambano ya nchi nyingine za magharibi ni marefu, nitayapita upesi. Mwaka 1820 Kongresi iliiruhusu Missouri kuwa jimbo la utumwa, ikapiga mstari katika nchi iliyobaki ya magharibi: juu ya nyuzi 36 na dakika 30 hapana utumwa. Mwaka 1854 mstari huo ukafutwa, ikaamuliwa walowezi wa kila eneo wajiamulie wenyewe, na Kansas ikawa uwanja wa damu mpaka ilipoingia kuwa jimbo huru mwezi wa Januari 1861. Katikati ya hayo Dred Scott, mtumwa aliyekaa na bwana wake miaka kadha katika Illinois na kisha katika ngome ya Snelling, kaskazini ya mstari, alidai kwamba kukaa kwake katika ardhi huru kumemfungua. Tarehe 6 Machi 1857 Mahakama Kuu ya Marekani, chini ya Jaji Roger Taney, ikamkatalia. Ikasema mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani, na kwamba Kongresi haikuwa na uwezo wa kuukataza utumwa katika eneo lolote.

Hukumu hiyo haikuishi. Tarehe 19 Juni 1862, vita vikiwa vimepamba moto, Kongresi ilitoa sheria ya kuukataza utumwa katika maeneo yote ya Marekani, yaliyopo na yatakayopatikana. Na mwezi wa Disemba 1865, utumwa ulipopigwa marufuku katika nchi nzima kwa nyongeza ya 13 ya Katiba, walioiandika hawakutafuta maneno mapya. Waliyachukua ya kifungu cha 6 cha mwaka 1787: hapatakuwa na utumwa wala utumishi usio wa hiari. Ule mkia wa mtumwa mtoro waliukata. Waliliacha lile neno la kumvua mtu aliyehukumiwa kwa kosa, na kwa neno hilo majimbo ya Kusini yaliwakamata watu weusi wengi kwa makosa madogo, kama kukutwa bila ya kazi, yakawakodisha kwa wenye mashamba na machimbo. Neno hilo bado limo katika Katiba ya Marekani.